Mstari Uliopanda Bila Mimi

Jumamosi, tarehe 3 Mei

Nimekula chakula cha bure na kimenikaa kooni.

Mwanyumba wangu aliniomba nimsindikize kwenye mkutano mkuu wa wanahisa wa benki ya mkoa. Goti linamsumbua, alitaka mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi. Huyu bwana na mimi tumeoa nyumba moja: yeye alichukua dada mtu, mimi mdogo mtu. Siku moja, ukumbi mmoja, keki moja ikakatwa katikati. Watu humwita Mzito. Si mwili, ni mwendo. Anatunza stoo ya matairi, na sijui kati yake na matairi nani huanza kusogea asubuhi.

Mlangoni kila mwanahisa alipewa boksi la chakula na mwavuli wenye nembo ya benki. Mimi, msindikizaji, nilipewa boksi tu. Sawa. Sikufuata mwavuli. (Ulikuwa mwavuli mzuri. Wa kijani. Mpini wa mbao.)

Halafu wakawasha picha ukutani. Mchoro wenye mstari mmoja, miaka thelathini, tangu benki ilipokuwa chumba kimoja na karani mmoja. Mwenyekiti akasema aliyeweka elfu moja siku ile ya kwanza, na kila gawio akalirudisha kununua hisa nyingine, leo ana elfu thelathini na nane. Ukumbi ukalipuka makofi. Mzito naye akapiga, nyuma kidogo ya wenzake, maana makofi ndiyo yaliyomwamsha.

Mimi sikupiga. Nilikuwa nautazama mstari. Unaanza chini kushoto, unapanda polepole kama mtu anayekwea kilima huku akipiga soga na mwenzake. Mwendo kidogo, bonde. Bonde la mwaka ule mbaya, wakopaji wakubwa walipokimbia na mji mzima ukasema benki inazama. Mstari unashuka, unagusa chini, unageuka. Pale chini kabisa, kwenye ncha yenyewe. Pale ndipo nilipouza mimi.

Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa tarishi wa benki hiyo tangu ilipofunguliwa. Siku ya harusi alimpa kila mkwe hisa mia nne. Hakuhutubia. Alisema "Shikeni," akakaa chini. Mzito alishika. Mimi nilishika miaka miwili, kisha nikauza, nikanunua mashine ya kupuliza pamba, niwe najaza mito mia kwa siku. Haikujaza hata mmoja. Wa kwanza iliunyonya.

Tukishuka ngazi nilimuuliza Mzito siri yake ni nini. Alifikiri ngazi tatu nzima. Akasema alisahau kuwa anazo.

Alisahau!

Jumapili, tarehe 4 Mei

Karakana imefungwa lakini nimekuja. Hapa ndipo akili yangu hukaa vizuri. Kochi la daktari wa meno lilikamilika jana: kitambaa cha kijani chenye manyoya mafupi, springi mpya, sponji ngumu. Fundi wa makochi lazima alijaribu kochi kabla ya kulitoa. Nimelijaribu tangu asubuhi.

Nikifumba macho mstari unarudi. Si wino tena, ni njia ya miguu, majani pembeni, upepo kidogo. Natembea juu yake. Sina haraka. Kila hatua kuna mtu kakaa kando ya njia ananipa gawio, nami namrudishia, namwambia nunua nyingine. Kule juu kuna nyumba yenye baraza pana. Mke wangu kainua miguu juu ya kiti, hashoni chochote. Binti yetu amevaa koti jeupe, maana huyo anataka kusomea udaktari wa mifugo, anampima ng'ombe. Ng'ombe ananitazama kwa shukrani.

Kisha springi moja ikanichoma mgongoni. Nitairekebisha.

Binti mwenyewe alikuja kuniletea chai. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na hesabu anazimeza kama maji. Nikamwomba anipigie: hisa zangu mia nne, nisingeziuza, magawio yote yangerudi humo humo, leo ningekuwa na kiasi gani. Hakukuwa na karatasi karibu. Alichukua kipande cha sponji na kalamu ya kuwekea alama vitambaa, akapiga, akaandika jibu. Akalitazama. Akanitazama. Akasema, "Baba, usiangalie."

Niliangalia. Ikabidi nilale tena.

Nimefikia uamuzi. Kuanzia sasa mimi ni mtu wa muda mrefu. Nitanunua hisa za benki ya mkoa na nitazishika miaka thelathini. Nitakuwa na miaka themanini na mmoja, lakini wa kwetu wanaishi sana, na daktari wa meno ni mteja wangu. Mtaji upo. Ile mashine ya pamba imekaa kona ya nyuma miaka kumi na minane ikila vumbi. Aondoke yeye, waje wenzake.

Kile kipande cha sponji nimekifanya mto. Ni cha raha.

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Siku kubwa!

Asubuhi nilimuuzia fundi wa magodoro mashine. Karakana yake inatazamana na yangu, na tumechukiana kwa adabu miaka mingi. Aliizunguka, akaipiga teke dogo, akataja bei ya chuma chakavu. Nilijifanya naumia. Moyoni nacheka. Mtu ananunua kutu, mimi nanunua miaka thelathini. Juu yake nikaongeza fedha nilizoweka za kuandikisha kibao kipya. Kibao cha nini? Wanaonijua wananijua.

Dalali wa hisa yuko ghorofani, juu ya duka la kuchonga funguo. Mama mtu mzima, miwani kwenye kamba, viatu vya kahawia vyenye vifungo vya shaba, na sweta anayofuma kati ya mteja na mteja. Sweta imeenda sana. Alisema hisa za benki hii ni chache sokoni, wenye nazo hawaachii, ila leo nina bahati, kuna mzee anauza sitini. Nikachukua zote. Akanishauri nifanye jambo moja tu: nizisahau. Nikamwambia kusahau ni kipaji changu, awaulize wateja wangu.

Jioni nilimtangazia mke wangu. Yeye hushona foronya na mapazia kwenye kona ya mbele ya karakana, kwa cherehani aliyoachiwa na mama yake. Nilitegemea anipigie vigelegele. Alisimamisha cherehani. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sijawahi kuwa na hakika hivi. Akasema aliwahi kusikia hilo, mwaka ule nilipofuga sungura.

Kisha akasema ana ombi. Hizo sitini nisiziguse mpaka binti amalize chuo. Mtoto anaanza mwakani, miaka mitano, na kila kidogo kitahesabika. Nisiguse, hata itokee nini. Nikaapa kwa kaburi la baba yake. Akasema nisiwaapie wafu, hawawezi kukataa. Basi nikamshika mkono, nikamwahidi yeye mwenyewe, macho kwa macho. Aliniachia mkono polepole na kurudi kwenye mshono. Kuna kitu alitaka kusema. Hakukisema.

Ahadi ni deni, na mimi hili nitalilipa.

Jumatano, tarehe 7 Mei

Siku ya pili ya kusahau. Nimesahau vizuri sana mpaka saa tatu asubuhi.

Tawi la benki hubandika bei ya hisa kwenye kioo kila siku. Nilipita mara moja tu, nikielekea kununua pini. Mia mbili na kumi na mbili. Nikapita tena kwa sababu nilisahau pini. Mia mbili na kumi na mbili. Mara ya tatu nilikuwa naangalia kama itanyesha. Mlinzi ameanza kunisalimia kama mfanyakazi mwenzake.

Bei haikusogea. Sijawahi kuona kitu kimetulia hivyo. Nilisimama nikaitazama mpaka ikawa tamu, ile tarakimu nyeusi kwenye karatasi nyeupe, na ndani ya kioo mimi mwenyewe, na nyuma yangu mtaa unaelea, baiskeli, mama na mtoto, wingu. Nikawaza: hapa ndani yake, kimya kimya, kuna mikopo inalipwa. Mwenye duka la dawa analipa. Mwenye mashine ya unga analipa. Wote wanaamka kunifanyia kazi. Nilipata huruma nao. Karibu niwapungie mkono.

Mzito alipita karakana kuleta salamu za shemeji. Nikamtupia kwamba leo bei ni mia mbili na kumi na mbili. Akaniuliza, bei ya nini?

Huyu mtu atanitia wazimu.

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Mia mbili na kumi!

Mbili zimekwenda! Sikula mchana. Nilimwuliza mlinzi nani amefanya hivi. Akasema amesikia tu kwamba mtu fulani ameuza kumi, alitaka tairi la pikipiki. Tairi! Na kama wote watataka matairi? Nani anauza matairi mji huu? Stoo ya nani?

Nikajizuia. Nimeahidi. Mvumilivu hula mbivu. Nililala kwenye kochi la daktari wa meno (hajalifuata, ana shughuli) nikajaribu kurudi kwenye njia yangu yenye majani. Njia ipo, ila sasa inateremka, si sana, kama meza yenye mguu mmoja mfupi.

Ndipo likanijia. Nimeahidi kutouza. Sikuahidi kutosaidia. Kinachopandisha bei ni nini? Habari njema. Habari njema zinatoka wapi? Kwa watu. Na watu wote wa mji huu hupita kwa kinyozi.

Nikaenda kunyoa. Sina nywele za kunyoa, zile chache alizimaliza wiki iliyopita. Wakati wembe uko shingoni nilimwambia kinyozi, kwa sauti ya siri inayofika mpaka kwenye benchi, kwamba nimesikia benki ya mkoa inahamia jengo kubwa zaidi. Fedha zimekuwa nyingi, hazienei tena pale. Kinyozi akasema ehee. Benchi nzima ikasema ehee.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi za kichwani zimekwisha, zimebaki za ndani. Kesho tuangalie kioo.

Jumamosi, tarehe 10 Mei

Balaa.

Saa mbili asubuhi fundi wa magodoro kavuka barabara mbio, na huyu havuki barabara hata karakana yangu ikiungua. Kaniuliza kama nina fedha benki ya mkoa. Inahama! Wamekodi lori. Wafanyakazi wameonekana mlango wa nyuma wakitoa magunia, na meneja mwenyewe kashika taa. Kaambiwa na muuza mbao, aliyeambiwa na mtu aliyeyaona magunia kwa macho yake.

Ni kweli, jana nami nilisema jambo linalofanana kidogo na hilo. Lakini langu halikuwa na magunia. Hili lina magunia! Nani akae abuni magunia? Nilijaribu kujituliza nikashindwa. Wahenga hawakuwa wajinga: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Nikaenda kuona. Foleni imeanza kwenye kioo, imepita duka la viatu, imekunja kona. Watu wameshika vitabu vyao vya akiba kifuani. Kinyozi alikuwa wa nane. Aliponiona akanishukuru mbele za watu kwa kumtonya mapema. Nikamwomba apunguze sauti.

Mlinzi hakunisalimia.

Nikakimbilia kwa dalali. Kumefungwa. Karatasi mlangoni: Jumatatu.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia. Nikamwuliza haogopi. Akasema mwaka ule mbaya foleni ilifika mpaka kituo cha polisi, hii ya leo hata duka la mikate haijafika. Akanikumbusha ahadi yangu. Nikasema naikumbuka. Kuikumbuka naikumbuka sana.

Jumapili, tarehe 11 Mei

Nimelala mchana. Nimeota bonde.

Kulikuwa na ukungu na nyasi zimelowa. Chini kabisa, kwenye ncha ya mstari, baba mkwe kakaa juu ya kochi. Kofia yake ya utarishi kichwani, mkoba magotini. Lilikuwa kochi nililolitengeneza mimi, nililijua kwa mshono uliopinda. Akasogea kunipa nafasi. Tukakaa wawili tunatazama mstari ukipanda upande wa pili, mrefu, unapotea juu kwenye mwanga. Hakuna aliyekuwa na haraka. Nilijisikia vizuri, kama zamani nilipokuwa bwana harusi na bado sijaharibu kitu. Kisha akanigeukia akasema, "Shika."

Nimeamka na machozi. Nimekaa nikiitafakari ndoto hii kwa makini. Wafu hawasemi ovyo. Amekuja kunionya: nishike fedha zangu kabla hazijapakiwa kwenye lori.

Asante, baba. Nimekusikia.

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Nimeuza.

Nimeuza zote. Mia moja na hamsini na nane. Nilipanda ngazi za dalali nikiwa wa kwanza. Alikuwa anafuma. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Akasema watu wote leo wanataka kuuza na hakuna wa kununua, isipokuwa mteja wake mmoja wa siku nyingi, aliyeacha maagizo ya kudumu: kila hofu inapoingia mjini, ninunulie. Yeye atazichukua sitini zangu.

Nilimhurumia mjinga huyo. Nilimwambia dalali ampe pole zangu. Dalali alishusha miwani, akanitazama kwa muda, akasema atazifikisha.

Fedha nimeziweka ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, kiatu mguuni. Natembea nikichechemea, lakini natembea nikiwa salama. Mke wangu ameniuliza mguu una nini. Nimesema pini.

Kumdanganya kumeniuma kuliko soksi. Lakini akijua kuwa nimeokoa mali atanishukuru. Wakati ukifika.

Jumanne, tarehe 13 Mei

Mia mbili na kumi na sita.

Naandika tena ili niamini. Mia mbili na kumi na sita!

Meneja wa benki alifungua madirisha yote jana mpaka jioni. Kila aliyetaka fedha zake alipewa, na kiti cha kukalia wakati anasubiri. Kufikia saa tisa watu walikuwa wanaona aibu. Kufikia saa kumi walikuwa wanazirudisha. Magunia yalikuwepo, ndiyo: mapazia ya zamani yanapelekwa kufuliwa. Na sasa mji mzima unasema benki hii ni mwamba, kama imestahimili jana itastahimili chochote. Kila mtu anataka hisa, hakuna wa kuuza.

Nilisimama mbele ya kioo. Karatasi nyeupe, tarakimu nyeusi, mtaa unaelea nyuma yangu kama ule wa juzi. Ila leo hakuna aliyeamka kunifanyia kazi. Mwenye duka la dawa anamlipa mtu mwingine. Mwenye mashine ya unga anamlipa mtu mwingine. Nilijisikia mpweke.

Mzito alikuja kuazima nyundo. Nilimwuliza alifanyaje na hisa zake siku ile ya vurugu. Akaniuliza, vurugu zipi?

Nilimpa nyundo. Nilifikiria namna nyingine ya kumpa.

Alhamisi, tarehe 15 Mei

Leo niliyoyasikia sijui niyaandike kwa wino gani.

Nilikuwa chini ya kochi la mwenye nyumba ya wageni. Chini kabisa, chali, napiga pini kitambaa cha tumbo. Fundi anayefunga tumbo la kochi huiona dunia kwa kimo cha kiganja. Viatu tu. Kule mbele kandambili za mke wangu, mguu mmoja juu ya pedali ya cherehani. Halafu mlangoni vikaingia viatu vya kahawia. Vifungo vya shaba.

Nikajua kaja kunisema.

Viatu vya kahawia vilisalimia kwa mazoea, kama vya mtu anayeijua nyumba. Vikasema zile sitini zimeshaandikishwa kwa jina la mama, kwa bei ambayo hawajaiona miaka mingi, hongera. Kandambili zikauliza muuzaji alikuwaje, mzima? Viatu vikasema mzima kabisa, aliondoka akimpa pole mnunuzi. Kisha pande zote mbili zikacheka, kile kicheko cha wanawake cha kujishika mbavu, na mimi chini pale na pini nne mdomoni.

Mgeni alipokwenda, kandambili zilikuja moja kwa moja zikasimama karibu na sikio langu.

"Toka huko chini, mume wangu. Utameza pini."

Nikatoka. Yeye akakaa juu ya kochi, mimi nikabaki sakafuni, na akanieleza yote bila kupandisha sauti. Mwaka ule mbaya, wakati mimi nimesimama dirishani na hisa zangu mia nne, keshia alikwenda kumnong'oneza baba mkwe. Mzee hakuja kunizuia. Alikwenda kwa binti yake akamwuliza ana akiba gani. Mke wangu alikuwa na fedha za mapazia aliyoshona ya ukumbi mzima wa benki. Akanunua. Mia nne zote, siku hiyo hiyo, kwenye dirisha la pili. Na tangu hapo kila gawio amelirudisha, mwaka baada ya mwaka, akishona mbele ya macho yangu. Ada ya chuo ya binti imo humo, mpaka mwaka wa mwisho.

Miaka kumi na minane! Nilikuwa nalala karibu na ule mstari na sikujua.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema baba yake alimwambia hisa zile zinahitaji mtu wa kuzisahau, na mimi sina uwezo wa kusahau fedha iliyo karibu. Nilitaka kubisha. Soksi ikanisuta.

Basi nikamwambia ukweli, kwamba nimevunja ahadi na nimeona aibu. Nikamwuliza kama amenichoka. Alichukua uzi, akautia kwenye sindano. Akasema mwaka ule watu walimshauri aachane na vitu viwili vilivyoshuka thamani: hisa za benki, na mimi. Yeye akashika vyote viwili. Akakata uzi kwa meno.

"Kimoja kimelipa," akasema.

Kisha akaniwekea mkono kichwani, pale pasipo na nywele, akauacha hapo. Nililia kama mtoto. Sioni haya kuandika. Nilikuwa na furaha kuliko siku ya mchoro, kuliko siku yoyote kwenye kochi la daktari wa meno.

Jumapili, tarehe 18 Mei

Mtu mpya anaandika.

Juzi mke wangu alinichukua mpaka kwa dalali, akanirudishia zile sitini. Zawadi. Kwa jina langu. Nikamrudishia soksi na yaliyomo. Alisema hizi si za ada, ada ipo. Hizi ni za mimi kujifunzia kushika. Dalali alikuwa shahidi. Sweta imemalizika, ameanza nyingine. Nimeapa, safari hii bila kaburi. Miaka thelathini. Hata iweje. Mimi ni jiwe.

Na nimelielewa somo lote, kwa kina. Mali haitaki mbio. Anayeuza kwa hofu humlisha anayekaa kimya. Binti ameniandikia hayo kwenye sponji nyingine, na nimeilalia mchana huu, kwenye kochi la daktari wa meno ambalo kesho analifuata kweli. Njia yangu yenye majani ilirudi. Baba mkwe alipita mbali na mkoba wake akanipungia.

Niliamka kwa sauti. Mvumo mtamu, laini, kama paka mkubwa. Unatoka ng'ambo ya barabara.

Nikavuka. Fundi wa magodoro hakuniona nikiingia. Mashine yangu ya pamba ilikuwa katikati ya karakana, imepakwa rangi nyekundu, inavuma. Mtu anashika foronya, pufu, mto. Anashika nyingine, pufu, mto. Nyuma yao mito imepangwa mpaka dari. Nikamwuliza amefanyaje. Akacheka mpaka akakaa. Feni ilikuwa imefungwa kinyume. Akaigeuza. Basi.

Feni kinyume! Yaani mashine haikuwa mbovu! Yaani miaka kumi na minane iliyopita mimi nilikuwa sahihi!

Nimekaa, nimepiga hesabu. Mito mia kwa siku. Ukizidisha kwa siku, kwa mwezi, kwa mwaka, na kila faida ukairudisha kununua pamba, mstari haupandi polepole kama ule wa benki. Unasimama wima. Nimeuona. Kule juu kuna baraza mbili.

Jamaa yuko tayari kuniuzia. Bei yake ni mara mbili ya ile aliyonipa, lakini ina rangi mpya, ni haki yake. Na kwa bahati, bei yenyewe inakaribiana sana na hisa sitini.

Nitapanda kwa dalali kesho mapema, kabla mke wangu hajafungua cherehani. Najua dalali ataniambia soko limetulia na wanunuzi ni adimu. Sina wasiwasi. Mnunuzi namjua. Analala upande wa ukutani.